Mitego ya nzi ya nje, wanyama wa nyumbani na ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye nzi wengi nje ya nyumba ambaye papo hapo ana mbwa, paka, sungura au kuku, au anapenda tu kuona ndege wakitua uani kwake. Majibu hayalingani urefu. Lile la gundi ni refu kwa sababu ndilo linaloleta vilio vingi. Mengine yanatoshwa na sentensi mbili. Ikiwa mnyama amenasa au amemeza kitu sasa hivi, usianzie juu. Tafuta swali linaloanza na "Ndege amenasa", "Paka amerudi" au "Mbwa ameangusha".

Ni mtego gani ulio salama zaidi?

Mtego wa chupa au mfuko wenye maji na chambo kinachonuka. Nzi anaingia kwa tundu jembamba, anashindwa kuiona njia ya kutokea, anazama. Ndege hapiti kwenye tundu lile, na mbwa akiyanywa yale maji kwa kawaida ataishia kutapika na kuharisha. Mtego huu unanuka vibaya, hilo halina ubishi. Harufu ndiyo inayofanya kazi.

Zipo aina nyingine tatu. Taa za umeme haziwadhuru sana wanyama wakubwa, ila kwa nzi wa nje hazisaidii. Gundi ni hatari kwa ndege, popo na mijusi. Chambo cha punje chenye sumu ni hatari kwa yeyote anayeweza kukilamba au kukidonoa: mbwa, kuku, ndege wanaotafuta mbegu chini, hata mtoto anayetambaa. Kwa nyumba yenye mbwa na ndege mimi ningeanza na chupa, na punje nisingezigusa.

Karatasi ya gundi imeandikwa "haina sumu". Kwa nini isitundikwe nje?

Kwa sababu gundi hiyo ni ulimbo. Neno hilo tunalo tangu zamani: utomvu mzito unaopakwa kwenye vijiti ili kunasia ndege. Aliyetengeneza karatasi ya nzi hakuwalenga ndege, lakini kuitundika kwenye tawi ni kufanya kazi ile ile ya mtega ndege, tena na chambo juu yake. Nzi waliokwisha kunasa hawafi mara moja. Huendelea kupiga mbawa na kuvuma kwa muda mrefu. Ndege anayekula wadudu akiona kundi la nzi lisilokimbia, anakuja. Mbayuwayu huwinda akiwa angani, na ubawa wake ukigusa utepe, utepe wote unamzunguka. Chozi naye ni mdogo na mwepesi mno kiasi kwamba gundi kidogo tu inamtosha. Usiku ni zamu ya popo, na mijusi hupanda kutoka ukutani kufuata windo lile lile.

Maandishi ya "haina sumu" ni ya kweli, ila yanajibu swali ambalo ndege hakuuliza. Yanahusu kinachomezwa. Ndege aliyenasa huuawa na mambo mengine: anahangaika mpaka manyoya yanang'oka na mguu au ubawa unavunjika, kisha jua, kiu na uchovu vinammaliza. Mwili wa ndege mdogo huchoma chakula upesi sana, hivyo saa chache za kupambana bila kula zinatosha kumwangusha.

Mibaya kupita yote ni ile mikubwa, ya karatasi pana au ya umbo la mcheduara, inayowekwa kwenye mabanda ya farasi na ng'ombe. Mbayuwayu hujenga viota kwenye dari za mabanda hayo hayo na hupita mlangoni mara nyingi kwa siku wakiwapelekea makinda chakula. Gundi ikiwekwa kwenye njia yao, si suala la kama watanasa bali lini.

Ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani hali ni tofauti, kwa kuwa ndege hafiki huko. Hapo wa kumwaza ni paka.

Je, nikiizungushia waya?

Hatari inapungua, haiishi. Waya uwe na matundu ya kama sentimita 1, uzunguke pande zote pamoja na juu na chini, na uwe mbali na gundi kwa upana wa vidole vinne au zaidi ili ndege anayeng'ang'ania waya asiweze kuifikia kwa mguu, mkia au mdomo. Waya wa kawaida wa kuku una matundu makubwa mno kwa kazi hii: ndege mdogo kabisa hupenya, na asiyepenya huingiza kichwa. Kagua asubuhi na jioni kila siku. Ukiona hutaweza kukagua hivyo, shusha mtego.

Ndege amenasa kwenye gundi. Nifanye nini?

Usimvute. Ngozi ya ndege ni nyembamba na manyoya ya mabawa yakichomoka kwa nguvu huenda asiruke kwa muda mrefu, au asiruke tena.

Kwanza funika gundi iliyobaki wazi. Chukua vipande vya karatasi laini ya chooni au gazeti, vibandike juu ya gundi yote inayomzunguka ili ubawa wa pili usije ukanasa nao. Kisha kata karatasi au utepe wa mtego kumzunguka, kile kipande kilichomnasa ukiache hapo hapo mwilini mwake. Mshike kwa kitambaa chepesi, mabawa yakiwa yamekunjwa, bila kumbana kifua: ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu, hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, na mkono unaobana sana unaweza kumnyima pumzi huku wewe ukidhani ametulia.

Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, kitambaa chini, kifuniko juu. Giza humtuliza. Usimpe maji wala chakula, usimwoneshe watoto, usifungue kila dakika kumchungulia. Mpeleke kwa daktari wa wanyama au kituo kinachohudumia wanyamapori mapema iwezekanavyo.

Watu wengi hukimbilia mafuta ya kupikia. Mafuta kweli huyeyusha gundi, lakini huharibu pia mpangilio wa manyoya unaomkinga ndege na baridi na maji. Ukimpaka mafuta kisha ukamwachia, umemtoa kwenye mtego mmoja ukamtia kwenye mwingine. Kazi ya mafuta na kuoshwa kwa ndege iachiwe mwenye uzoefu, ambaye pia atakaa naye mpaka akauke na apate nguvu.

Akiwa ni popo, usimshike kwa mkono mtupu kwa hali yoyote. Popo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa au virusi vinavyofanana na hicho, na jino lake ni dogo kiasi kwamba alama ya kuumwa haionekani kirahisi. Glavu nene, boksi, na msaada wa mtaalamu. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Paka amerudi na gundi mkiani. Je, mafuta ya taa yanafaa?

Hayafai, wala petroli, wala tina ya rangi. Huunguza ngozi, na paka atajilamba tu, akaimeza sumu yote hiyo. Mvuke wake nao huingia mapafuni.

Kwa mbwa na paka mafuta ya kupikia ndiyo dawa. Mfunge paka kwenye taulo, ubakize nje sehemu iliyonata tu, kwa sababu paka mwenye hofu atakukwaruza hata kama ana mapenzi na wewe. Paka mafuta kwa wingi, sugua taratibu kwa vidole, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa, rudia. Gundi ikishalegea, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, suuza vizuri, kausha. Fundo la manyoya lililoshikana kabisa unaweza kulikata, lakini tazama ngozi inakoanzia. Ya paka huvutika ikaingia kwenye makali ya mkasi bila wewe kujua. Gundi ikiwa karibu na macho, pua au mdomo, usihangaike nyumbani.

Mtego wa chupa niutundike wapi?

Hapa ndipo watu hukosea kuliko kwenye uchaguzi wa mtego wenyewe. Mtego wa harufu huita nzi. Ukiutundika mlangoni, umewaalika nzi mlangoni. Uwe mbali na milango, madirisha na mahali mnapokaa kwa angalau mita 6, na mita 10 ni bora kama nafasi ipo. Uwe upande ambao nzi wanatokea, yaani kati ya chanzo chao (jalala, zizi, shimo la mboji) na nyumba, ili wakutane nao kabla hawajakufikia. Jua la asubuhi husaidia kwa kuwa joto huamsha harufu. Mtego mpya hauvuti sana siku ya kwanza. Mpe siku mbili au tatu kabla ya kuulaumu. Tazama pia upepo wenu huelekea wapi, maana jirani naye ana pua.

Sasa wanyama. Nzi hupenda kuruka chini, kwa hiyo mtego hufanya kazi vizuri ukiwa usawa wa kiuno au kifua cha mtu. Huo ndio usawa wa pua ya mbwa mkubwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Itabidi uupandishe kidogo, mita 1.5 hadi 2, ukubali kupoteza nzi wachache. Usiutundike kwenye tawi. Tawi ni ngazi ya paka na ni kiti cha ndege, na hukatika kwa upepo. Nguzo nyembamba ya chuma iliyochimbiwa vizuri, yenye kulabu juu, ni bora kuliko mti wowote. Funga kwa waya badala ya kamba, kamba hutafunwa.

Uzio ukiwepo, weka mtego upande ambao mbwa hafiki. Mtego kwa mbwa si kitu kichafu kama unavyoudhani wewe, ni manukato. Mbwa wangu niliyemfuga kwanza aliuona mfuko wa nzi ukining'inia chini kidogo ya mahali pake, akaruka usiku kucha mpaka ukapasuka, na asubuhi nikamkuta amejigaragaza humo kwa furaha kubwa. Hakuugua. Sisi ndio tulioteseka, siku tatu.

Mbwa ameangusha mtego akanywa maji yake. Je, atakufa?

Inategemea kilichokuwa ndani, kwa hiyo kabla ya yote itafute lebo.

Vivutio vingi vya mitego ya chupa hutengenezwa kwa vitu vinavyooza, hamira, sukari au protini, bila dawa ya kuua wadudu. Nzi huuawa na maji. Mbwa aliyekunywa hivyo hutapika, huharisha, hunuka, kisha hupona. Mpe maji safi, mtazame kwa siku moja. Akitapika mfululizo, akilegea, akikataa maji, akiharisha damu, au akiwa mtoto au mzee, mpeleke kwa daktari. Angalia pia kama amemeza kipande cha plastiki au kulabu. Hilo huleta shida kubwa kuliko maji yenyewe.

Lebo ikitaja dawa ya kuua wadudu, usisubiri dalili.

Chambo cha punje za rangi kina ubaya gani? Kinaua nzi wengi kwa saa moja tu.

Kinaua kweli. Punje hizo ni sukari iliyochanganywa na sumu, mara nyingi na kivutio kinachofanana na harufu ya nzi jike. Sumu inaweza kuwa methomili, imidaklopridi, dinotefurani au spinosadi, na hazina ukali sawa. Methomili ndiyo ya kuogopwa. Iko kwenye jamii ya kabamati, ambazo huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, na kazi hiyo huifanya kwa nzi, kwa mbwa, kwa ndege na kwa mtu vilevile. Kiasi kidogo tu kinatosha kumwangusha mnyama. Watu wenye nia mbaya wamewahi kuitumia kuwaua wanyama makusudi, jambo linaloonesha jinsi inavyoweza.

Baadhi ya watengenezaji hutia kitu kichungu ili mbwa ateme. Ndege haokolewi na uchungu huo. Hudonoa na kumeza. Punje zina ukubwa na umbo la mbegu, zimemwagwa chini mahali anapotafutia mbegu kila siku. Kisha kuna nzi wenyewe: huanguka papo hapo wakiwa na sumu tumboni, na kuku huwaona ni chakula kilichoshuka kutoka mbinguni. Imidaklopridi na dinotefurani nazo ni hatari sana kwa nyuki.

Kama una banda kubwa na huna budi, usimwage chini kamwe hata kama lebo inaruhusu. Tumia kisanduku cha chambo kilichofungwa chenye matundu ya kuingilia nzi tu, kitundikwe juu, chini yake kuwe na sinia ya kukusanyia nzi waliokufa, na sinia hiyo imwagwe kila siku. Vaa glavu. Mfuko uliobaki ufungiwe kabatini, kwenye paketi yake ya asili. Ukihamishiwa kwenye kopo la jikoni utafanana na sukari ya rangi.

Dalili za sumu ya methomili huanza upesi, ndani ya dakika chache hadi saa chache: mate mengi, machozi, kutapika, kuhara na kukojoa ovyo, mboni ndogo, kutetemeka, kupumua kwa shida, degedege. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize kwa daktari wa wanyama ukiwa na paketi mkononi, maana ipo dawa ya kumsaidia, atropini, na daktari anayejua anachopambana nacho huanza nayo mapema.

Natengeneza mtego mwenyewe kwa chupa ya plastiki. Nitie chambo gani?

Kata chupa theluthi moja kutoka juu, pindua kile kipande kiingie ndani kama faneli, ziba maungio kwa utepe. Tia maji sentimita chache na tone la sabuni ya vyombo ili nzi asiweze kusimama juu ya maji. Chambo kiwe kitu kinachooza: kichwa cha samaki, kipande cha nyama, au hamira na sukari kidogo. Nzi wa kijani na wa bluu wanaong'aa hupenda mzoga. Nzi wa kawaida wa nyumbani hupokea karibu chochote kinachochacha.

Visivyofaa ni muhimu zaidi:

Maji ya kuzuia injini isigande. Wapo wanaoyatumia ili mtego usikauke. Yana ladha tamu, na kiasi kidogo huharibu figo za mbwa au paka mpaka kufa.

Zabibu, mbichi au kavu. Huharibu figo za mbwa.

Vitamu vya kemikali vyenye zailitoli. Hushusha sukari mwilini mwa mbwa kwa kasi na huweza kudhuru ini.

Dawa ya wadudu uliyobakiwa nayo, "kidogo tu ili wafe haraka". Wanazama tayari.

Asali. Hiyo ni kwa ajili ya nyuki, na swali linalofuata linawahusu.

Mtego wangu unanasa nyuki.

Chambo chako ni kitamu mno. Nyuki hufuata utamu na maua, hawafuati samaki aliyeoza. Badilisha chambo na uusogeze mtego mbali na maua. Asali ina ubaya wa ziada: inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa ya mizinga, na nyuki akiifikia na kutoka salama anarudi navyo nyumbani.

Nyigu huingia hata penye nyama. Siwaonei huruma sana, lakini nao hula nzi.

Taa ya umeme inayowaunguza wadudu je?

Kwa nzi wa nje ni mapambo yenye kelele. Nzi wa nyumbani hufanya shughuli zake mchana na hulala usiku, saa ambazo taa hung'aa. Wanaokuja ni nondo, mbawakawa na wadudu wengine wasio na kosa, ambao ni chakula cha ndege na popo. Mwaka 1996 Timothy Frick na Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walichapisha hesabu ya wadudu waliouawa na taa za uani: kati ya wadudu 13,789, wanaouma watu walikuwa 31. Isitoshe, mdudu anayepasuka kwa umeme hurusha vipande na vijidudu hewani, hivyo usiiweke juu ya meza ya chakula wala bakuli la mbwa.

Kuna mahali pa kunyweshea ndege uani. Mtego ukae umbali gani?

Uwe upande wa pili wa uwanja. Usiutundike karibu na maji, sahani ya mbegu, kiota au kichaka cha maua ambacho chozi hukitembelea. Mtego wa chupa hauwanasi, lakini nzi wanaouzunguka huwavuta ndege wanaokula wadudu, na mfuko uliopasuka humwaga uchafu juu ya mahali wanapokunywa. Msimu wa kulea makinda ndio wa kuchunga zaidi. Wazazi wana haraka na wanachukua wadudu popote wanapowaona.

Kasuku au ndege wengine wa kufugwa wakiwa kwenye tundu nje, hesabu umbali wa mita 6 kwao pia. Nzi waliovutwa na mtego hutua kwenye chakula chao kwanza.

Kuku wangu wanapenda funza. Niwamwagie wa mtegoni?

Hapana, na hili halina "ila". Bakteria iitwayo Clostridium botulinum hustawi kwenye vitu vinavyooza pasipo hewa, kama mzoga au mtego uliojaa nzi waliokufa. Funza hula uchafu huo, sumu haiwadhuru, wanakuwa vifuko vyake. Kuku au bata akiwameza analegea miguu, mabawa, kisha shingo, mpaka kichwa kinalala chini. Hatimaye anashindwa kupumua. Kwa bata wa porini mzunguko huo wa mzoga na funza unaweza kuua ziwa zima la ndege, kwa kuwa kila anayekufa huzalisha funza wa kumuua mwenzake.

Kuku wakiokota nzi wazima na funza wachache kwenye mboji wanayoipekua kila siku, hiyo ni tabia yao na hupunguza nzi. Ninachokataza ni kile kilichooza ndani ya chombo kilichofungwa.

Nina sungura kwenye kizimba nje. Je, mtego karibu yake utamkinga?

Utamletea. Sungura mwenye manyoya yaliyolowa mkojo au kinyesi upande wa nyuma hutagiwa mayai na nzi wa kijani, na mayai hayo yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza wanaanza kula ngozi, na sungura anaweza kufa kabla hujaelewa kwa nini ametulia kiasi kile. Kinga yake ni kizimba kikavu, wavu mwembamba wa mbu juu yake, na kumgeuza umtazame nyuma mara mbili kwa siku wakati wa joto. Mtego uwe mbali, upande wa chanzo cha nzi. Ukiona funza kwenye mwili wake, hiyo ni dharura ya daktari wa saa ile ile. Yote haya yanamhusu pia mbwa mzee asiyeweza kuinuka vizuri au mwenye kidonda.

Mafuta ya mimea yanayofukuza nzi ni salama kwa paka?

Mengi si salama. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja baadhi ya kemikali zilizomo. Permethrini, inayopatikana kwenye dawa nyingi za kupuliza na za kupaka mbwa, ni mbaya zaidi kwake: inaweza kumtia degedege na kumuua. Kama unataka kitu kisicho na kemikali kwa ajili ya kibaraza, weka feni. Nzi hawezi kushindana na upepo wake.

Mtego unajaa kila wiki lakini nzi wako pale pale.

Basi unavuna, hupunguzi. Nzi jike hutaga mayai yapata 100 kwa mkupuo na hurudia mara kadhaa, na kwenye joto yai huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Mtego hauwezi kukimbizana na hesabu hiyo wakati kitalu kiko wazi.

Zitafute siku hizo 7 kwenye ratiba yako. Chochote chenye unyevu na kinachooza kikiondolewa kabla ya wiki kuisha, funza waliomo hawafiki kuwa nzi. Kinyesi cha mbwa kiokotwe kila siku, au angalau mara mbili kwa wiki. Pipa la taka lifunikwe na lioshwe chini kabisa, kwenye ule uji uliogandamana ambao hakuna anayependa kuutazama. Bakuli la chakula cha paka lisilale nje. Majani yaliyokatwa yasirundikwe yakiwa mabichi. Matunda yaliyoanguka yaokotwe. Nyumba nyingi zikifanya hivi kwa wiki tatu hubaki na nzi wachache mno hata wa kuhalalisha harufu ya mtego.

Mtego ukijaa niutupe vipi?

Jioni, nzi wakiwa wamelala. Ushushe pole pole, vaa glavu, uingize mzima mzima kwenye mfuko wa plastiki usiotoboka, ufunge, kisha mfuko wa pili. Uende kwenye pipa lenye kifuniko ambacho mbwa hawezi kukifungua, karibu na siku ya kuzolewa taka. Usiumwage kwenye mtaro, wala kwenye mboji.

Kama chupa ni ya kutumika tena na haina dawa yoyote, chimba shimo la sentimita 30 au zaidi, mwaga, fukia, kanyaga, na uweke jiwe zito juu. Jiwe ni la lazima kwa mwenye mbwa, kwa sababu shimo hilo atalikuta kabla hujamaliza kunawa mikono.